Ethi ya mitambo ya simu ipimwe wakati wa kiangazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwafikie wenye ofisi, hoteli na maduka makubwa hapa Dodoma kuhusu jambo ambalo sisi mafundi wa mitambo ya simu za ofisini hulikuta kila mvua zinapoanza mwezi Desemba. Mtambo hununuliwa kwa fedha nyingi na kufungiwa betri nzuri, kisha waya wake wa ethi, yaani ule wa kupeleka umeme wa hitilafu au wa radi ardhini, huishia kwenye kipande cha nondo kilichogongwa kijuujuu nyuma ya jengo. Radi ikipiga jirani, kadi za ndani ya mtambo zinazopokea laini za simu zinaungua, na lawama humwangukia aliyeuza mtambo.

Ethi hutegemea unyevu wa udongo, na udongo wetu hukaa bila mvua ya maana tangu Mei hadi Novemba. Kwa mitambo ya simu mafundi hutafuta kipimo cha ukinzani wa ethi kisichozidi omu 5, lakini fimbo ileile ya ardhini inayotoa kipimo hicho mwezi Machi inaweza kutoa kikubwa mara kadhaa ifikapo Oktoba. Mkandarasi aliyepima Machi na kuondoka na sahihi ya makabidhiano, kwa kweli amepima mvua. Fimbo ya shaba izamishwe mpaka kwenye udongo usiokauka, na moja isipotosha ziongezwe nyingine na kuunganishwa.

Neno hilo la kuunganishwa nalisisitiza, kwa kuwa wapo wanaochimbia mtambo wa simu ethi yake peke yake, mbali na ile ya meinswichi, wakiamini kwamba hiyo ndiyo safi. Radi inapoanguka karibu, fimbo hizo mbili huweza kutofautiana kwa maelfu ya volti, na njia ya umeme kutoka moja kwenda nyingine hupita ndani ya mtambo wenyewe. Ethi ya meinswichi, ya bodi ya mtambo na ya vikinga radi vya laini za nje zikutane kwenye bamba moja la shaba, karibu na mahali laini zinapoingilia jengoni. Tena, katika mitambo mikubwa inayotumia betri za volti 48, ncha chanya ndiyo inayofungwa ardhini, kwa hiyo ethi mbovu huweza kusikika hata siku isiyo na wingu, kama mvumo ndani ya simu.

Kuhusu betri nitasema kidogo tu: joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri za risasi na asidi kwa karibu nusu, basi zisifungiwe kwenye stoo isiyo na hewa. Na ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi, ambalo ndilo la ethi, ili plagi ya pini mbili iingie (nimeikuta hata kwenye ofisi zenye viyoyozi) huondoa ethi kabisa kwenye kifaa kinachoihitaji.

Ombi langu ni kwamba mkataba wa kufunga mtambo utaje kipimo cha ethi kitakachochukuliwa Oktoba na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kiandikwe kwa omu na kutiwa sahihi, na sehemu ya malipo ibakizwe mpaka siku hiyo. Waliokwisha kukabidhiwa majengo wakati wa mvua wadai kipimo cha pili kabla Novemba haijaisha.

Fundi wa mitambo ya simu za ofisini,
Dodoma