Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu tulivuka kwenda Unguja kuona kasri za masultani pale Forodhani. Michango ilisuasua na nauli ya boti ilitutoa jasho, ila tulifika.

Kati ya Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, na kasri la sasa kuna bustani. Ukipita huoni kitu, mpaka uambiwe kuwa hapo ilisimama Beit al-Hukm, kasri jingine la masultani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa dakika 40 hivi ili kumng'oa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani. Beit al-Hukm haikuinuka tena.

Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said, kwa ajili ya sherehe. Nyumba za kale za hapa kwetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: boriti ikiishia, na chumba kimeishia hapo. Barghash alitia chuma, akapata kumbi pana na baraza za kuzunguka nyumba. Mnara wake ulisimama peke yake mbele ya jengo. Mizinga ilipouharibu, mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 upande huo uliporomoka, mnara na paa, na watu 2 wakafariki.

Mheshimiwa, tuliporudi tulipata aibu. Mwaka jana, siku ya usafi, tuliziba nyufa za ukuta wa nyumba moja ya kale kwa saruji, tukapiga na picha. Fundi mmoja mzee alibandua plasta yetu mbele ya macho yetu. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, linamomonyoka kwa kidole kama mkate uliochovywa chai. Saruji hufungia maji ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Suala la uzio wa shule wenzetu wameshalisema. Sisi tunaomba mifuko ya chokaa, mapipa 2 ya kuilowekea, na posho ya fundi huyo atufundishe kila Jumamosi. Ukuta wa kuanzia tunao: ni ule ule tulioukosea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.