Mtihani wa hatari ufanyike ukingoni mwa shimo

Mheshimiwa Mhariri,

Mwezi uliopita tulimpokea mwanafunzi wa staji (mafunzo kazini), mwaka wa mwisho wa uhandisi wa ujenzi, kwenye shantie yetu, yaani eneo la ujenzi, ya Keshero. Tulikuwa tunachimba shimo la choo, na mkaaji yeyote wa Goma anajua jiwe la volkano linavyomtesa mtu mwenye nyundo na mtaimbo. Nikamwambia aandike hatari za shimo lile. Akaleta jedwali safi lenye kijani, manjano na nyekundu: mawe kuporomoka, mtu kuteleza, vidole kupondwa. Mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, hayakuwemo.

Asubuhi hiyohiyo mzee anayetuchimbia alikataa kushuka. Aliweka mshumaa ndani ya kopo, akauteremsha kwa kamba. Karibu na chini ukazimika. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hulala mabondeni na mashimoni usiku hadi alfajiri hewa ikitulia. Tukafunga kazi siku ile. (Wanaochimba wasitegemee mshumaa peke yake: gesi humdhuru mtu hata kabla moto haujazimika. Kipimo cha gesi ndicho cha kutafuta.)

Kijana akaongeza mazuku: uwezekano 1, madhara 5, ukizidisha ni 5. Vidole alikuwa amevipa uwezekano 5, madhara 1. Hiyo nayo ni 5. Kifo na ukucha vikapata alama sawa, naye hakushtuka. Nilipomwuliza ile 1 ameitoa wapi, alisema ni makadirio. Hakuwa amemwuliza jirani hata mmoja.

Simlaumu. Somo la kusimamia hatari alilipasi vizuri, kwa mtihani wa "fafanua hatari, taja hatua za kuisimamia". Aliulizwa alichokariri.

Mji huu ulishafundishwa kwa uchungu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi ziwani. Siku chache baadaye kituo cha petroli kililipuka watu wakichota mafuta, mawe bado yana moto, wakafa makumi. Hatari moja ilizaa nyingine, na jedwali la mstari mmoja kwa kila hatari halionyeshi uzazi huo.

Ninawaomba walimu wetu wawatoe wanafunzi darasani. Mwanafunzi asimamishwe ukingoni mwa shimo, au chini ya ukuta wa mteremko kama wenzetu wa Bukavu wanavyojenga, aseme mbele ya mwalimu na fundi: kazi iendelee au isimame, na kwa nini. Baada ya wiki mbili apewe habari mpya: mvua imenyesha, mwenye nyumba amepunguza pesa. Arekebishe jedwali lake la hatari. Alama nyingi ziende kwenye marekebisho hayo na kwa watu aliowauliza. Anayetaja hatari 40 bila kusema ipi ianze kushughulikiwa hajatusaidia. Na kila mmoja ahojiwe peke yake, maana kazi ya kikundi humficha asiyeona.

Najua madarasa yamejaa. Lakini shantie ziko kila mtaa, na yetu iko wazi. Nimemwuliza mzee wa mshumaa kama atakaa upande wa watahini. Amekubali, ila anataka waje alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaanza.

Msimamizi wa shantie,
Goma