Barua kwa Mama Zuhura: ala ya bastola, mwili mdogo na joto la Texas

Houston, 8 Juni 2025

Mama Zuhura, shoga yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa baba watoto. Barua yako imefika pamoja na picha ya Zuhura na pengo lake. Nimeibandika jikoni na kila anayeingia anamwulizia. Nimefurahi sana kusikia mmeshahamia San Antonio. Ya watoto na ya nyumba nitayarudia, lakini hili la bastola nalijibu kwanza kwa sababu si la kungoja.

Unasema mafunzo umemaliza, bastola yako ndogo ya SIG P365 umeizoea kwenye uwanja wa shabaha, na sasa unatafuta ala ya kuibebea. Huko Minnesota koti lilikuwa linaficha kila kitu nusu ya mwaka. Hapa kuanzia Mei mpaka Septemba ni fulana na gauni, na jasho linakutoka hata umesimama kivulini. Na mwili wako naujua. Kiuno chembamba, mbavu na nyonga zimekaribiana, nafasi ya kuweka kitu kigumu katikati yake ni ndogo. Muuzaji akakushauri mkoba wenye mfuko wa siri.

Mkoba usinunue. Nakuomba kabisa. Tarehe 30 Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja kijana alikuwa ndani ya duka kubwa la Walmart na mtoto wake wa miaka miwili ameketi kwenye toroli. Mkoba wake ulikuwa ni wa aina hiyohiyo, umetengenezewa bastola, una mfuko wake na zipu yake. Mtoto alifungua, risasi ikatoka, mama akafa palepale. Alikuwa na kibali na silaha alizizoea tangu zamani. Kilichomponza ni kwamba bastola haikuwa mwilini mwake. Wewe una Zuhura na mdogo wake, na najua mkoba wako unavyokaa: kwenye kiti cha gari, sakafuni saluni, juu ya kochi ukienda kusalimia. Na kibaka akikunyang'anya mkoba, amechukua pesa na silaha kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo iwe mwilini, ndani ya ala. Na ala yenyewe, kabla ya kufikiria kuficha, iwe na mambo ambayo sitakubali uyapunguze hata kwa sababu ya joto. Ifunike triga yote, kile kinachovutwa na kidole kufyatua, kwa kitu kigumu ambacho kidole, ufunguo wala ncha ya blauzi haiwezi kupenya au kukibonyeza. Ishike bastola kiasi kwamba ukiigeuza juu chini, ikiwa tupu, haidondoki. Na mdomo wake ubaki wazi ukishatoa bastola, usijikunje, ili usirudishe kwa kulazimisha. Bastola nyingi ndogo za siku hizi, na P365 za kawaida zimo, hazina kifungo cha mkono cha kuizuia isifyatuke. Ulinzi wako ni ala na adabu ya kidole. Zile ala za kitambaa laini zinazouzwa rahisi, wanasema inaingia bastola yoyote, zipite tu. Chukua iliyofinyangwa kwa P365 hasa, na kama yako imefungwa taa, basi iliyofinyangwa kwa P365 yenye taa ileile.

Kuhusu kitu ala inachotengenezwa nacho: kwa joto hili nachagua Kydex, ile plastiki ngumu. Ngozi ni nzuri kuigusa na inakaa vizuri mwilini, lakini hunywa jasho. Ikinywa jasho miezi inalainika, mdomo unaanza kulala, na mdomo uliolala unaweza kuingia mpaka kwenye triga wakati unarudisha bastola. Kydex hainywi kitu. Unatoa bastola, unaiosha ala kwa sabuni na maji, unaikausha, basi. Tafuta yenye kibao kinachopanda juu nyuma ya bastola, upande wa mwili, kinachozuia jasho lisifike kwenye chuma. Na vaa singlendi nyembamba ya pamba ndani, ala ikae juu yake, tumbo halitachubuka.

Sasa tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo wengi wanapotupoteza. Mwanamume atakwambia weka kiunoni upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga, ndani ya suruali. Yeye kiuno chake kimenyooka. Chetu kimeingia ndani kisha nyonga zinatoka. Ukiweka bastola pale, nyonga inasukuma mtutu nje, mpini unakuja kukuchoma mbavu. Ukiinama kuokota kiatu cha mtoto, mpini unachomoza chini ya fulana na kila mtu anauona. Kwa mtu mfupi ni mbaya zaidi kwa sababu mpini unachukua sehemu kubwa ya urefu wa kiwiliwili.

Jaribu mbele, kati ya kitovu na mfupa wa nyonga wa kulia. Pale fulana huanguka yenyewe, mkono unafika haraka, na unaweza kuilinda kwa mikono yote miwili ukiwa kwenye umati. Kuna vitu viwili vidogo vinavyofanya kazi kubwa sehemu hiyo. Cha kwanza ni kabari, sponji au plastiki inayobandikwa upande wa mwili chini kwenye mtutu. Inasukuma mtutu nje kidogo, na mpini unalala kwenye tumbo. Cha pili ni kipande kinachochomoza pembeni mwa ala, kinajisukuma kwenye mkanda wa suruali na kuuzungusha mpini uingie ndani. Kinachoonekana nje ya nguo ni mpini. Mtutu umeshazama chini ya mkanda. Ndiyo maana utashangaa nikikwambia ala ndefu kidogo inaweza kukaa vizuri kuliko fupi sana. Bastola fupi uzito wake wote uko juu ya mkanda, inapinduka nje. Ala ikizama chini zaidi, inatulia. Lakini ukikaa na inakuchoma paja, ipandishe. Kwa hiyo nunua ala yenye tundu kadhaa za skrubu za kupandisha na kushusha, na kuinamisha, kwa sababu mahali pako sahihi hutapajua dukani. Utapajua ukishaendesha gari na kukaa kanisani.

Mtu yeyote anayebeba mbele lazima akubali kwamba mtutu unaelekea kwenye paja na viungo vyake mwenyewe. Kwa hiyo kurudisha bastola ndani ya ala ni kwa utulivu kabisa: simama, sukuma nyonga mbele, vuta nguo yote pembeni kwa mkono wa kushoto, tazama kwa macho, kidole kiwe kimenyooka nje ya triga. Hakuna haraka ya kurudisha. Na kama hali hiyo inakutia wasiwasi, vua ala nzima, ingiza bastola mezani, kisha vaa ala ikiwa na bastola ndani. Hata mimi nikivaa asubuhi nafanya hivyohivyo.

Mkanda nao. Jinzi zetu za kike vitanzi vyake ni vyembamba na mkanda mpana haupiti. P365 tupu ina uzito wa karibu nusu kilo, weka na risasi zake kumi, na mkanda wa mapambo utashuka tu. Tafuta mkanda mwembamba lakini mgumu, wenye kitu kigumu ndani. Halafu jaribu klipu ya ala, bastola ikiwa tupu: ichomoe kwa nguvu ya kweli. Kama ala inatoka pamoja na bastola, klipu hiyo haikufai.

Siku za gauni, na najua ndizo zako nyingi, hakuna mkanda wa kushikia kitu. Kuna mkanda wa tumbo wa mpira, unaofungwa kama mkaja wa mzazi. Bei yake ni nafuu na unavaliwa chini ya chochote, lakini kwa Julai ya huku unabana joto tumbo zima, na nyingi zina mfuko laini. Ukiuchukua, uwe na ganda gumu la Kydex ndani, si kitambaa peke yake. Ninachokupendekeza zaidi ni PHLster Enigma, iliyotoka 2020. Ni kibao chenye mkanda wake mwembamba, unakivaa mwilini chini ya nguo na unafunga ala ngumu juu yake, na uzi mdogo unaozunguka paja kuizuia isipande. Haitegemei suruali kabisa. Inakaa chini ya gauni, chini ya sketi yenye mpira kiunoni, chini ya taitsi. Inahitaji uvumilivu wa kuirekebisha, na si rahisi bei, ila kwa mwanamke mwenye mwili mdogo kwenye joto hili sijaona kinachoishinda. Za kufunga pajani ziache: joto na mapaja yanayosuguana vitakuchubua, na kuifikia bastola mpaka upandishe gauni ni kazi ndefu.

Nguo hazihitaji kubadilishwa zote. Suruali saizi moja juu ya kawaida kiunoni. Blauzi za pamba au kitani, zilizolegea tumboni, zisizobana. Na vitenge vyako, shoga! Usiviache kabatini. Kitambaa chenye maua makubwa na rangi nyingi kinavunja umbo lolote lililo chini yake; cheupe chepesi cha rangi moja ndicho kinachosema kila kitu, hasa kikishalowa jasho. Blauzi ya kitenge iliyokatwa peplam inafunika mpini bila mtu kufikiria lolote.

Jambo moja hawalifundishi darasani nami nataka ulijue: chooni. Usiitoe bastola na kuitundika mlangoni wala kuiweka juu ya kile chombo cha karatasi. Bastola zinasahauliwa vyooni hivyohivyo, akaingia mtoto wa mtu. Iache ndani ya ala, shika suruali isishuke chini ya magoti, mkono mmoja juu yake. Enigma hapo inasaidia tena kwa sababu haishuki na suruali.

Jasho lina chumvi, na chumvi inaleta kutu. Kila jioni futa chuma kwa kitambaa kikavu, na kila wiki mafuta kidogo ya silaha. Angalia pia magazini, kile kikasha cha risasi, na skrubu za ala. Skrubu hulegea taratibu kwa kutembea.

Sheria umeniuliza kidogo, nami nakwambia kidogo. Tangu 1 Septemba 2021 Texas haidai leseni ya kubeba bastola kwa mwenye miaka 21 au zaidi asiye na zuio la kisheria. Nenda kachukue leseni hata hivyo. Sheria ya serikali kuu ya 1990 inakataza bastola ndani ya futi 1,000 za shule, na leseni ya jimbo ndiyo inayokutoa kwenye katazo hilo barabarani unapompeleka Zuhura. Ndani ya shule yenyewe ni marufuku. Na kazini kwako, kwa kuwa ni nyumba ya kulelea wazee yenye leseni, usiingie nayo bila ruhusa ya maandishi. Nunua sanduku la chuma la gari lenye waya wa kufungia chini ya kiti, na bastola uifungie humo ukiwa bado nyumbani, si pale kwenye maegesho ambapo watu wanakuona. Nyumbani vilevile, ikitoka mwilini inaingia kwenye sanduku lenye kufuli. Texas inaweza kumshtaki mtu aliyeacha kwa uzembe silaha yenye risasi mpaka mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia.

Ukishapata ala, usitoke nayo siku hiyohiyo. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, hakikisha kwa macho na kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu, kisha vaa nyumbani. Pika, fua, inama, kaa kwenye kiti cha gari, mbebe mdogo upande wa kushoto na uone. Kama inakuchoma, badilisha skrubu moja tu kwa mara moja ndipo ujue kipi kimesaidia. Ala inayouma utaiacha nyumbani au utaishikashika hadharani, na kushikashika ndiko kunakoonyesha watu kuliko umbo lenyewe.

Mwezi ujao nakuja San Antonio wiki ya pili, kwa shangazi. Nitaleta ala zangu mbili za P365, ya mbele na ya Enigma, uzivae mwenyewe kabla hujatoa hela. Tafuta uwanja wa shabaha wenye kivuli, na niandalie suruali uliyoipenda zaidi na gauni moja la kanisani, tujaribu vyote kwa bastola tupu sebuleni, watoto wakiwa kwa jirani. Na mwambie baba watoto awepo. Anahitaji kujua ala inavyofanya kazi kama wewe.

Zuhura mpe busu. Mwambie jino linakuja.

Wako akupendaye,
Mama Idd