Mzuie Kijana Asizitie Majini

London
Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaikum. Natumai shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku wazima.

Barua yako nimeipata. Unasema mmefungua sanduku la bati la marehemu mzee, Mungu amrehemu, mkakuta bahasha zake zimefungwa kwa kamba ya mkonge, na kijana wako anataka kuzitia majini avue stempu aanze albamu. Tafadhali mzuie. Hata kama ameshachota maji, yamwageni.

Unalikumbuka beseni la mama yako pale Ngamiani? Tulilowesha stempu, tukazianika juu ya gazeti, bahasha tukazipeleka jikoni kuwashia moto. Zilikuwa na mihuri ya Muheza, Korogwe, Pangani, Maramba. Tukabaki na stempu ambazo kila mtoto darasani alikuwa nazo. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na limezidi kuniuma tangu nianze kukusanya bahasha za posta ndogo za viungani mwa London, za miaka ya 1800.

Nikueleze moja tu, niliyoinunua mwezi uliopita. Ni ndogo, inaenea kiganjani. Stempu yake ni ile nyekundu ya peni moja, yenye kichwa cha Malkia Victoria. Pembe za juu zina nyota, za chini zina herufi H na D, maana yake ilikaa safu ya nane, nafasi ya nne, katika karatasi ya stempu 240. Ukiivua na kuipeleka sokoni, haitakununulia hata chakula cha mchana, kwa sababu zilichapwa kwa mamilioni.

Sasa tazama muhuri. Ni sehemu mbili zilizopigwa kwa pigo moja: duara lenye maneno LONDON N.E na tarehe, JY 17, 62, na ubavuni mwake duaradufu la mistari myeusi lililoangukia stempu, katikati yake herufi N.E. tena. JY ni Julai. Juni waliandika JU. Mimi mwenyewe nilizichanganya mara nyingi mwanzoni, kwa hiyo siku hizi sinunui kitu kabla sijakiweka chini ya kioo cha kukuzia.

Hizo N.E. ndizo zilizonifanya nitoe pesa. Mwaka 1857 na 1858 Posta ya Uingereza iliigawa London katika wilaya kumi kwa mpango wa Rowland Hill, yule yule wa stempu ya kwanza ya mwaka 1840. Kabla ya hapo barua za jiji zima zilibebwa hadi makao makuu ya St Martin's-le-Grand, zichambuliwe, ndipo zirudishwe mitaani, hata kama mwandishi na mwandikiwa ni majirani. Kila wilaya ikapewa ofisi yake ya kuchambulia na herufi zake. Kaskazini Mashariki ikawa N.E., Kusini ikawa S. Kisha Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia ofisa wa posta, akapita kukagua na kupendekeza hizo wilaya mbili zifutwe. N.E. ikamezwa na E, yaani Mashariki, mwaka 1866, na S ikagawanywa kati ya S.E. (Kusini Mashariki) na S.W. (Kusini Magharibi) mwaka 1868. Kwa hiyo muhuri wa N.E. uliishi chini ya miaka kumi.

Barua yenyewe bado imo ndani. Juu imeandikwa Clapton, Alhamisi asubuhi, nayo inakwenda Mare Street, Hackney. Nimehesabu kwenye kalenda: tarehe 17 Julai 1862 ilikuwa Alhamisi kweli. Mwandishi anaomba arudishiwe kitabu alichoazimisha, basi. Juzi nimeitembea njia hiyo kwa miguu, si mbali hata kidogo. Zamani barua hiyo ingekwenda kwanza katikati ya jiji ndipo irudi Hackney. Muhuri unaonyesha kwamba siku hiyo ilihudumiwa na wilaya yake. Na Hackney kuna vibao vya zamani vya majina ya mitaa ambavyo bado vina herufi N.E. Nilisimama chini ya kimoja nikiwa na bahasha mfukoni, Salim, na nilitamani ungekuwepo.

Stempu ikivuliwa, nusu ya muhuri inaondoka nayo na nusu inabaki kwenye bahasha. Hapo hakuna tena atakayejua ilitoka wapi, lini, wala ilipita njia gani.

Ndiyo maana nakuandikia upesi. Mzee alifanya kazi mashamba ya mkonge, aliandikiwa na watu wa kila kituo cha reli. Huenda muhuri wa posta fulani ndogo umo humo na haumo mahali pengine popote. Zifungueni taratibu, mikono iwe mikavu. Barua zibaki ndani ya bahasha zake. Msitumie gundi wala selotepu, msikate pembe, msiandike kwa kalamu ya wino. Kama ni lazima kuweka alama, penseli laini, nyuma. Zipangeni kwa jina la posta, zikae mahali pakavu mbali na jua, maana unyevu wa Tanga unaujua. Kisha kijana anipigie picha mbele na nyuma, kila moja.

Mwambie nitamtumia stempu za kutosha kwa albamu yake, zilizokwisha kuvuliwa na watu wengine. Na akikuta Maramba anijulishe siku hiyo hiyo, usiku wa manane ikibidi.

Nisalimie mama sana.

Ndugu yako,
Hamisi