Kabla hujamwita mchoraji

Jang'ombe, Unguja

Kombo yakhe,

Assalamu alaykum. Mama watoto anakusalimu, na anauliza zile karafuu ulizomwahidi zimepotelea bandari gani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka keri yako, hiyo Suzuki Carry, ichorwe kama yangu, tena kabla ya Idi. Ngoja kwanza. Picha uliyoiona ni ya siku ya kwanza ilipotoka kwa fundi. Ungeiona leo ungenionea huruma.

Mchoro wenyewe sina la kuulaumu. Nilimwomba kijana anichoree pweza ubavuni, mikono yake izunguke hadi mlango wa nyuma, na pindo la kanga lipite chini na jina lake: "Bahari haina daftari." Mbele, juu ya taa, nikataka jicho, kama la mitepe, majahazi ya zamani ya kushonwa kwa kamba. Mtepe hajapata kuuona, na Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho ulikokuwa mfano wake, sehemu iliporomoka Desemba 2020, basi nikamchorea jicho kwa mkaa ukutani. Alicheka, lakini akalitoa kuliko langu. Juu na boneti tuliacha nyeupe, maana kadi ya gari inasema nyeupe na sikutaka maneno barabarani.

Alipiga msasa namba 400, kisha 600, akapuliza praima, halafu akachora kwa makopo bila hata penseli. Unajua kopo la kupuliza rangi lilianzia Marekani mwaka 1949? Muuza rangi mmoja, Edward Seymour, alilitengeneza apate kuonyesha rangi yake ya aluminiamu ya kupaka vyuma vya kupashia nyumba joto. Watu wa baridi ndio waliotuletea pweza wetu!

Mwisho ikaja klia, rangi ya juu isiyo na rangi ya kulinda mchoro, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha ngumu. Hapo ndipo penye kazi, na mimi ndipo nilipoona imekwisha. Mkono wa kwanza aliupuliza mwepesi kama umande, akausubiri, ndipo akaongeza. Akiimwaga nzito mara moja, rangi ya kopo iliyo chini inakunjamana kama utando wa maziwa. Akaniambia gari ikae, isioshwe kwa nguvu, isipakwe nta mwezi mzima. Nikaitikia "inshallah" ile ya kumwondoa mtu.

Siku ya tano nilikuwa Malindi napakia samaki wa hoteli za Paje. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika mlango wa nyuma njia nzima. Jioni nikampa kijana wa pampu aioshe. Klia ya siku tano ukiigusa unaona imekauka, kumbe ndani bado laini. Akaisogeza pua ya pampu karibu na taa ya nyuma, maji yakapenya ukingoni, na mkono mmoja wa pweza ukabanduka mzima kama gamba la changu. Nilisimama pale sina la kusema.

Hasira ikanizidisha ujinga. Nikaosha kwa sabuni ya unga, nikafuta kwa dizeli ing'ae, kama tulivyozoea kwenye daladala. Iling'aa mpaka Fuoni. Baada ya hapo vumbi lote la barabara lilikuwa langu.

Sasa nimeshika adabu. Naiosha kivulini, kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima changu chenye chumvi, na shampuu ya magari. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, mchanga usirudi kwenye mchoro. Nikitoka Malindi mlango wa nyuma unamwagiwa maji siku hiyo hiyo, hata kama nimechoka. Kunguru wakinichafulia, nalaza kitambaa kibichi dakika chache kisha nanyanyua; ukikwangua umechora na wewe. Chini ya mwembe siegeshi tena, utomvu wake ni balaa. Nyekundu ya pindo, upande unaopigwa na jua la mchana, imeanza kupauka. Hiyo nadhani nimechelewa.

Wewe usichore masika. Hewa ikiwa na unyevu, klia inaweza kushika ukungu mweupe. Subiri kipupwe, Idi itakuja nyingine. Na fundi wako akipuliza klia ya hadina bila barakoa yenye vichujio, mkatalie. Ile dawa inaweza kumtia mtu pumu, na shuka la kufunga puani haliizuii. Watoto wasikaribie kabisa, najua uani kwako wanavyojaa.

Kisha mwombe akuachie mabaki ya makopo, na uupige mchoro picha kila kona ukiwa mpya. Mimi sikupiga, sasa tunabishana mkono uliobanduka ulikuwa na vikombe vingapi.

Anakuja Jumamosi kuutengeneza. Amesema ataanza upya na msasa, mlango mzima, na safari hii keri itakaa mwezi bila barafu. Samaki nitabebea gari ya shemeji, akikubali. Bado sijamwambia kuhusu maji ya chumvi.

Karafuu usisahau.

Nduguyo,
Haji