Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa kijiwe cha kahawa

Wajukuu zangu,

Jumapili mlinitia aibu. Vijana wawili wazima, mmoja eti timu Marekani, mwingine timu China, mkashikana mashati mpaka kikombe cha muuza kahawa kikaruka na kupasuka. Tuliobaki tulicheka. Na mimi nilicheka, nikafika nyumbani usingizi ukanikataa.

Tuanze na huo ushuru uliopasua kikombe. Mmoja wenu alifoka: "Mchina kalimwa asilimia 145, atalipa mpaka akome!" Mwanangu, ushuru wa forodha anaulipa anayetoa mzigo bandarini. Baba yako ana duka Kariakoo. Kontena likishuka, forodha wanamdai mwenye kiwanda kule Guangzhou, au wanamdai baba yako? Naye anaurudishia wapi kama si kwenye bei ya shati? Bandari ya Long Beach kule Marekani ni vivyo hivyo. Mchina naye anaumia, wateja wanampungua na pengine anashusha bei, sikatai. Lakini anayeanza kuingiza mkono mfukoni ni mwagizaji wa Kimarekani.

Sasa angalieni wenyewe walivyomalizana. Aprili 2025 Trump akafika 145, Beijing ikajibu kwa 125 na kubana uuzaji wa madini yake adimu. Mei wakakaa Geneva, 145 ikawa 30, 125 ikawa 10. Oktoba Trump na Xi wakapeana mikono Busan. Katikati hapo mkulima wa soya wa Illinois alikuwa amempoteza mnunuzi wake mkubwa, maana Wachina walihamia Brazil. Wao wako mezani, ninyi mnang'oana vifungo.

Na taifa lenye deni halina subira, kama mtu tu. Mwaka 2024 riba ya deni iliigharimu serikali ya Marekani fedha nyingi kuliko jeshi lake. Mtu wa hivyo akikuita rafiki, muulize anataka nini leo, si alichokupa jana.

Sisemi mhamie kwa Mchina. Nilikuwa kijana reli ya TAZARA ilipojengwa na Wachina: kilomita 1,860, mkopo usio na riba, kutoka nchi iliyokuwa maskini kama sisi. Nimesimama kwenye makaburi ya wenzao pale Gongo la Mboto, na sioni haya kusema machozi yalinitoka. Lakini China nayo ilikuwa na shida zake. Ilikuwa imegombana na Warusi, na Umoja wa Mataifa ilikuwa imefungiwa mlango. Oktoba 1971 mlango ulipofunguka, kura za Afrika zilikuwemo, na wajumbe wetu wakacheza mle ukumbini. Wengi wetu tunaamini Wamarekani waliliweka moyoni. Mwaka 1981 Salim Ahmed Salim akigombea Ukatibu Mkuu, wao walimwekea kura ya turufu; China ikamwekea Waldheim, aliyekuwa akikikalia kiti hicho, mara 16. Kiti akakichukua Pérez de Cuéllar wa Peru. Mtoto wetu alikuwa kati ya mafahali wawili, wajukuu zangu, na alikuwa na sifa zote.

Mengine kwa kifupi. AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, iliachwa ikaisha Septemba 2025, ikaja kuongezwa muda mwaka 2026, basi mfuatilie nguo za viwanda vyetu zinaingia wapi na kwa masharti gani. Someni tangazo lenyewe, klipu ya sekunde 30 si habari. Jifunzeni Kichina, na Kiingereza msikiache.

Ila hili la mwisho linanikera kuliko kikombe. Misaada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, iliposimamishwa Januari 2025, tulimlaani Trump wiki nzima. Haya. Aprili 2001 wakuu wa nchi zetu za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Miaka imepita, nchi nyingi za Afrika hazijafika. Tuliijua 145 ya watu kwa kichwa, na 15 yetu hakuna aliyeiuliza, wazee tukiwa wa kwanza kunyamaza. Sijawahi kuona mtu akikunjwa shati kijiweni kwa ajili yake.

Jumapili nitakuwepo, mapema. Aliyevunja kikombe aje na kikombe.

Babu yenu