Barua kwa Mujinga: yule wa ukutani

Lubumbashi, tarehe 21 Septemba

Mujinga mwenzangu,

Jambo sana, jambo kwa watoto, jambo kwa baba yao. Sisi huku tuko. Joto limeshika, mijakaranda imeanza kumwaga maua njiani, na umeme unakuja saa unayotaka wenyewe. Mama anakusalimu, anasema kile kikwembe hajakisahau. Yaya Béa amejifungua mtoto wa kike. Jina bado wanaligombania. Ya Kasongo namwachia Charlotte akusimulie, yeye ndiye anayafurahia.

Najua deni la barua ni langu. Tangu matanga ya baba yako nilikuwa naanza, naandika mistari mitatu, naiona imekaa kama tangazo la parokia, nachana. Unisamehe. Halafu wewe nawe ukanitumia zile picha za Paris bila neno, isipokuwa ile sauti fupi: "Ngoie, chumba hiki, nitakueleza." Mwezi umepita hujaeleza kitu. Watoto wako juu ya kitanda cha ghorofa pale Hotel Cheyenne ya Disney, Woody, yule mchunga ng'ombe wa katuni, na kofia yake ukutani, na wewe pembeni umekunja uso kama umepewa chenji pungufu. Nimeutazama uso huo mara nyingi. Nataka maelezo yake kwa ajili ya kazi. (Sawa, na kwa umbeya kidogo.)

Kazi yenyewe ni hii. Unakumbuka ile hoteli ya njia ya Kipushi, tuliposubiri samaki masaa matatu siku ya ndoa ya Mwamba? Ina patroni mpya. Huyu alitembea Ulaya akarudi simu imejaa video, akaniita mimi na Papa Kaumba mchoraji, akatukalisha chini ya banda la nyasi, na tukatazama mpaka betri ikaisha. Tuliona hoteli ya waridi ya pale mlangoni kwa Disney, waliyoifunga wakaitengeneza upya na kuifungua tena Januari 2024, wana wa wafalme kila ukuta. Tuliona nyingine inaitwa New York, nayo tangu 2021 imejaa mashujaa wa Marvel. New York iko Ufaransa, Mujinga, na mle bandani hakuna aliyecheka ila mimi. Tuliona na za Florida, ambako kuna kitanda kinachopandishwa ukutani na mahali pake panabaki meza. Hapo wivu ulinishika kwelikweli, maana vyumba vyetu vya familia vina vitanda vitatu na pa kukanyaga hamna. Lakini patroni hakuwa na habari na kitanda. Alitaka picha za ukutani. "Watu wa Kolwezi na Likasi wanakuja na watoto kila vakansi," akasema. "Nipeni vyumba ambavyo mtoto akifungua mlango anapiga kelele."

Kelele amezipata.

Vyumba ni sita, tumemaliza vitatu. Kuta ni za Papa Kaumba. Rido za madirisha, vitambaa vya kitanda na mito ni vyangu. Cha kwanza ni cha Mazembe, timu yetu ya mpira. Nyeusi na nyeupe, mamba wa nembo ameshika mpira kinywani, amejaza ukuta mzima, na juu ya mlango miaka ya ubingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Watoto wakiingia hawasomi miaka. Wanapanda kitandani na kurukaruka kwa matako kama Kidiaba, golikipa wao, kule Abu Dhabi, 2010. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa, sijui nani amewafundisha. Mbao za kitanda zimevunjika mara mbili ndani ya wiki tatu. Seremala anamwombea Kidiaba maisha marefu.

Kisha akaja baba mmoja wa Lupopo, timu ya wapinzani wa Mazembe. Alifika usiku, mtoto amelala begani, akawasha taa, akamwona mamba. Akazima taa. Akarudi mapokezi kuulizia chumba kingine, hakuna. Na mke wake alikuwa ameshavua viatu, unajua maana yake. Asubuhi mama wa usafi alikuta taulo limefunikwa juu ya uso wa mamba, limepigiliwa misumari miwili. Misumari aliitoa wapi saa sita za usiku, Mungu anajua. Kwenye daftari la wageni ameandika: "Chakula kizuri. Chumba hakina heshima."

Cha msitu sina la kusema sana. Okapi ametoka vizuri. Watoto wote wanauliza kwa nini huyu punda milia hakumaliziwa, na wazazi wanasema rido ya kijani inawafanya wafanane na wagonjwa. Wana haki. Nitaibadilisha.

Cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi. Patroni alitaka bahari. Mwambie nini mtu, na kutoka hapa mpaka baharini ni mbali namna hii? Alitaka nguva, yule wa wazungu, nywele nyekundu, samaki wadogo wanacheka pembeni. Alisema hata Florida kuna hoteli ya Disney iliyokuwa na vyumba vya maharamia, vitanda kama merikebu, wakavigeuza vikawa vya nguva. Akamwachia Papa Kaumba picha kwenye simu. Mzee akaitazama, "ndiyo, ndiyo", akaiweka simu mfukoni, akachora kile ambacho mkono wake unakijua.

Umeshaelewa. Papa Kaumba ni wa zile enzi ambapo kila sebule ya mitaa yetu ya Katuba na Kenya ilikuwa na turubai ukutani: Mbelgiji na mtu anayechapwa fimbo, simba, na yeye, mamba muntu, nguva wetu wa majini. Amemchora mweupe wa ngozi, nywele mpaka kiunoni, nyoka amejizungusha mkononi, na saa. Ana saa ya mkono, Mujinga! Patroni alipoingia akapiga makofi. Kwake nguva ni nguva. Wageni wa kwanza walipiga picha, wakazituma kwa jamaa, na familia nne zimeshapiga simu kuomba "kile chumba cha nguva". Mtoto mmoja wa Likasi aliuliza tu kama saa yake haiingii maji.

Halafu akaja bibi mmoja na binti yake na wajukuu. Bibi ni wa Kasenga, wa kandokando ya Luapula. Hao hauwafundishi habari za majini. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisimama mlangoni, akamtazama yule wa ukutani muda mrefu, akamtikisia kichwa kama anamsalimu mtu wanayejuana, kisha akavuta matela mpaka barazani na wajukuu wote watatu. Binti alikuwa anaona haya, anamwambia "Mama, ni mapambo". Bibi akalala barazani na mbu. Asubuhi akaomba kuonana na waliotengeneza chumba. Papa Kaumba akajifanya hasikii vizuri, nikaenda mimi.

Nilijiandaa kutukanwa. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nani alimwita huyu? Alimwomba nini?" Nikasema ni kazi ya rangi tu. Akasema anajua ni rangi, hata yeye alikuwa naye sebuleni wakati wa Zaire, marehemu mume wake alimnunua sokoni. "Lakini sebuleni kuna watu wazima, kuna redio, kuna pombe. Yeye anakaa na wakubwa wenzake. Ninyi mmemweka na watoto, usiku, mlango umefungwa." Akalipa, akaenda.

Tangu siku ile maneno hayo yananizunguka. Bibi hakuwa na ugomvi na picha, ugomvi wake ni mahali ilipowekwa. Nawe unajua hadithi: anakutajirisha, na malipo anayachukua ndani ya nyumba yako. Mimi siamini. Lakini nakwambia ukweli, siku hizi nikienda kupima kitambaa mle ndani nauacha mlango wazi.

Nimwambie patroni amfute? Nilimwambia. Akanionyesha zile simu nne. Nikamwambia Papa Kaumba apake rangi ya buluu juu yake kimyakimya. Mzee akaweka brashi chini: "Mimi simfuti. Amfute aliyemwita." Na aliyemwita hajui hata amemwita nani!

Ndipo patroni akapata akili: "Ngoie, wewe ni mtu wa rido, mshonee rido." Mita tatu na nusu za kitambaa kizito, ringi, fimbo ya chuma, mchana inafunguliwa kwa ajili ya picha, usiku inafungwa. Nilijiona mjanja kuliko wote. Familia ya kwanza baada ya rido, mtoto wa miaka minne alikuwa amecheza naye mchana kutwa, amempa hata jina. Usiku mama akafunga rido. Mtoto akaanza kulia: "Anafanya nini huko nyuma?" Ikabidi waifungue walale naye wakitazamana.

Kuna kitu nimekiona na patroni hataki kukisikia. Sisi tulikuwa tunafanya kazi kuanzia saa tatu mpaka saa kumi, mlango wazi, jua ndani. Hakuna siku hata moja tuliyozima taa tukalala kwenye kile kitanda. Picha za wageni zote ni za mchana, wanacheka. Malalamiko ya daftari karibu yote ni ya usiku. Swichi imepotelea kwenye mkia wa nguva, baba mzima anapapasa ukuta gizani. Prizi moja kwa simu nne. Hakuna pa kutundika taulo, nami nilipolisoma hilo nikamkumbuka yule wa Lupopo na misumari yake: nusu ya hasira labda ilikuwa ya taulo! Patroni mwenyewe aliwahi kusema kwamba kule Florida walipotoa mazulia wakaweka sakafu ngumu na kupunguza rangi, kuna waliofurahi usafi na kuna waliosema sasa ni kama hospitali. Basi anaogopa hospitali. Kila nikitaja swichi ananijibu "hospitali". Nami nasema kati ya hospitali na mamba muntu lazima kuna kijiji fulani katikati mtu anaweza kulala.

Vyumba vitatu vilivyobaki anaamua mwisho wa mwezi. Kimoja anataka cha shaba, misalaba ile ya zamani ukutani, na hicho nakiunga mkono, hakina macho. Hivyo vingine viwili bado. Amesema kama nina wazo bora nilete na mfano wa Ulaya, maana wazo la Ngoie wa Kenya peke yake halina uzito. Mfano wa Ulaya ninaoujua ni wewe.

Kwa hiyo nijibu, tafadhali, na si kwa sauti ya nusu dakika. Ule uso ulikuwa wa nini? Kilikuwa chumba, au bei, au Jean-Paul? Taa zikizimwa, yule Woody unamwona au hamwoni? Yuko upande wa miguu au kichwani? Watoto walilala au mlihesabu masaa? Exaucé aliyekuwa anaogopa hata koti lililotundikwa, alifanyaje? Picha ile ni rangi ya ukutani au ni karatasi ya kubandika, na kama ni karatasi, pembeni inaishiaje, wanaifunika kwa ubao? Swichi ziko wapi? Kuna ndoano za taulo ngapi? Nihesabie kwenye picha zako kama unazo. Na walivyokuwa wanatoka watu asubuhi, walikuwa wanasema nini ngazini? Si ya kwenye simu, ya ngazini.

Na jingine. Ile turubai ya baba yako, pale Katuba, juu ya redio, tuliyokuwa tunapita mbele yake tumeinama tukienda kuchukua sukari. Siku za matanga niliona ukutani pamebaki alama ya mraba, nikaogopa kukuuliza. Nani aliichukua? Shangazi wa Likasi, au iko kwako? Papa Kaumba nimemwambia habari zake, na sasa kila asubuhi ananiulizia kama umejibu. Anasema kama ina nyoka wa kijani na saa ya dhahabu mkono wa kushoto, ni mkono wake, na saa ile aliiongeza kwa sababu baba yako aliiomba.

Wako,
Ngoie

Kikwembe umletee Mama kweli. Anauliza kila Jumapili.